Raba ya Kifuniko

Mimi huzisikiliza. Nikiwa chini ya bawa la nyingine,
spana mkononi, grisi mpaka viwikoni,
najua nani anapaa Wilson asubuhi hii
na ni silinda gani inayomnung'unikia.

Jumamosi ile ilikuwa zamu ya Daktari Shamim,
mng'oa meno wa Parklands, na ndege yake ya viti vinne,
mlango wake haufungi mpaka uubamize mara mbili.
Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha juu ya mabati ya hanga
na juu ya mabawa yaliyolala nje.

Akapaa. Nikamsikia akivuka ua,
hewa ya Nairobi nyepesi, injini ikiitafuna kwa shida,
kisha kikohozi. Kimoja.
Kisha cha pili, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi.
Kisha nikasikia kwarara wakipiga kelele upande wa Lang'ata,
na hapo ndipo nilipojua imenyamaza.

Usigeuke, nikasema, spana imeniponyoka.
Uwanja uko nyuma yako, karibu kama kitanda,
na huko ndiko wanakofia. Usigeuke, daktari.
Pua chini. Unaanguka, na bado nakwambia shuka:
kasi ndiyo pumzi uliyobakiwa nayo.
Mbele ni mbuga. Chagua nyasi.

Hakugeuka.

Tulimkuta pamoja na askari wa wanyamapori,
gurudumu la mbele limekunjika, pundamilia wamesimama mbali
kama majirani wanaosikiliza ugomvi wa mke na mume.
Ameketi juu ya bawa, viatu amevivua,
anahesabu vidole vya miguu.

"Ni nini, fundi?"

Nikafungua bilula ya tangi, nikakinga kikombe.
Petroli ya samawati juu, na chini yake maji,
duara safi, limetulia, kana kwamba halikufanya kitu.

Mwaka jana, koleo likiwa kinywani mwangu, aliniambia:
tundu lilikuwa dogo, Makokha, ungekuja mapema.
Nami raba ya kifuniko cha tangi nilikuwa nimeiona,
imepasuka upana wa ukucha.
Nikaandika daftarini: wiki ijayo.

Wanasema usipoziba ufa. Hawakusema
ukuta wenyewe unaweza kuwa futi mia nne juu ya ardhi
na mtu ameuegemea.

Nikampa kikombe. Nikampa na raba.
Akavitazama kama atazamavyo eksirei,
akavaa kiatu kimoja,
akasema, "Haya. Fungua mdomo."