Ufa Ungali Mdogo

Ubao wangu wa kwanza wa dari ulianguka Kishiri,
saa mbili usiku, mezani kwa Mwalimu Milembe,
ukavunja bakuli la mchuzi na heshima yangu.
Hakunitukana. Alileta vipande kwenye kiroba,
akavimwaga mlangoni mwa banda:
"Kama ulitaka kuniuzia chaki, ungesema."

Jasi ni nyeupe, nyepesi,
hukauka kabla hujamaliza salamu,
lakini mvuke wa chai tu unailegeza.
Nikaiongezea saruji. Ikawa ngumu siku saba.
Wiki ya sita ikavimba, ikachora mistari
kama viganja vya mtu aliyefua nguo za msiba.
Fundi Lugembe akacheka mpaka akakaa chini:
"Hao wawili, dada, hawalali chumba kimoja.
Ugomvi wao huanza taratibu, ndani kwa ndani."

Nikaenda kutafuta mshenga.

Nyuma ya mashine ya mpunga ya Buyegi, pale Igoma,
kuna kilima kisichokuwamo kwenye ramani:
pumba zilizochomwa, jivu ambalo hata mbuzi hulikwepa.
Nilichukua viroba vitatu. Mlinzi akanitwisha,
akasema wabeja, umetupunguzia uchafu.
Nikalisaga, nikalichekecha kwa kipande cha chandarua,
nikaandika nyuma ya daftari la mwanangu:
makopo sita jasi, mawili saruji, mawili jivu.
Jivu likakaa katikati, likala hasira ya saruji
kidogo kidogo, bila kelele.
Wiki ya sita ikapita. Ya kumi ikapita.
Hakuna aliyevimba.

Bado ubao ulivunjika kama biskuti. Ka! Basi.

Chini ya kitanda cha kaka yangu Shigela
kulikuwa na nusu gunia la wavu. Nusu nyingine
ilichomwa hadharani, ufukweni Kayenze,
moshi mweusi, naye kasimama mikono nyuma
kama mwanafunzi. Macho ya wavu ule yalikuwa madogo mno;
ulizoa hata vitoto vya sangara
visivyojua bado ziwa lina ukubwa gani.
Aliapa hautaonja maji tena. Kuutupa hakuweza.
Nilimwomba mara tatu. Mara ya nne
aliuleta mwenyewe, na mkasi.

Tukakata nyuzi urefu wa kiungo cha kidole.
Chache mno, hazisemi kitu. Zikizidi, hujisokota
kama nywele kwenye bomba la bafu.
Konzi moja kwa ubao, na konzi ya mtoto juu yake.

Siku ya kupima tuliulaza juu ya matofali mawili,
tukauning'inizia ndoo za maji katikati.
Ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu ukalia, Lugembe akaruka nyuma.
Mstari ukatokea tumboni mwa ubao,
ukatembea, ukafika kwenye uzi, ukasimama.
Shigela alichuchumaa akachungulia chini
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Umenasa," akasema.
Wavu uliohukumiwa kwa kukamata vidogo
umekamata ufa ungali mdogo.

Ndoo ya nne ukapinda. Haukuanguka.

Mji huu umejaa mawe yaliyopandana bila fundi.
Jioni, nikipita Mabatini, huyatazama,
na nyumba zilizojibana baina yake,
nikajiuliza aliyeyachanganya alitumia kopo gani.
Jiwe langu mimi lina unene wa kidole,
na bado nalihesabia siku.

Jana nilirudi kwa Buyegi. Kilima kimezungushiwa waya.
Mlinzi ni yule yule, sasa ana kitabu cha risiti:
"Kiroba elfu mbili. Tajiri kasikia."
Nililipa kwa hasira, nikajitwisha mwenyewe,
na mbele kidogo, kwenye kona ya mashine,
nikajikuta nacheka peke yangu.

Mwalimu Milembe hajarudi. Nasikia
dari yake kaiziba kwa turubai.
Nimemtengea mbao nne; zimeegemea ukuta, zinakauka.
Mchuzi nitapeleka mimi.