Mchukuaji Sampuli

Kabla hajaingia, uturi wake umeshakaa kitini.
Sisi watatu wa maabara ya maji, hapa Machomane,
tunajua kwa pua kwamba leo kuna kazi
na kazi yenyewe ni yeye.

Wiki yangu ya kwanza alinisifu hadi nikaona haya:
"Pemba nzima hakuna jicho kama lako."
Nikaenda nayo nyumbani sentensi ile
kama aliyebeba sahani ya mchuzi, anaogopa kuinamisha.
Mama akauliza, "Na yeye anataka nini?"
Sikulielewa suali.

Ananiita Zuwena.
Mie ni Mgeni binti Faki, wa Kangagani,
na kila mwezi nasaini jina hilo mbele ya macho yake.
Mara ya kwanza nilimrekebisha, akacheka.
Ya pili, akanitazama kama nimemkanyagia kanzu.
Ya tatu niliitika.

Wakaja wageni kutoka Unguja.
Akawasomea ripoti ya visima vya Ole,
usiku wangu kumi na mmoja, koma kwa koma,
akaiita "utafiti wangu", kisha akakosea namba.
Nami, mjinga, nikanyoosha mkono:
"Samahani Mkuu, ni kisima cha tatu, si cha saba."
Kisima kile watoto wanakunywa.
Siku kumi na tisa hakuitika salamu yangu.
Salamu, jamani! Hata paka wa sokoni huitikiwa.

Halafu akarudi, mtamu, na halua kwenye karatasi:
"Zuwena, mbona umejitenga?"
Nikajiuliza: kumbe ni mie niliyejitenga?
"Sikusema hivyo." "Umesikia vibaya."
"Una moyo mwepesi, wewe."
Asubuhi napima maji, jioni najipima,
na kila nikijiinua kwenye mwanga
naona tope ni mie.

Mpaka siku nilipokwenda Wete kununua kitambaa.
Mwenye duka, akinikatia, akauliza nafanya kazi wapi.
Mkasi ukasimama.
"Bado ananukia kabla hajafika?"

Ndiye Zuwena. Ana mwanya, ana mtoto mgongoni,
hafanani nami hata ukucha.
Nikamwambia: ananiita kwa jina lako.
Akacheka hadi akakaa juu ya majora.
"Mie alikuwa akiniita Raya."

Raya hatumjui, wala hatujui yeye aliitwa nani.
Tukanyamaza kidogo, kama tunamsomea.
Kumbe huwa anatuona tukishaondoka.

Zuwena hakunipa mawaidha. Alinipunguzia elfu mbili,
akasema, akikunja kitambaa:
"Andika. Siku, saa, kasema nini, nani alikuwepo.
Usiwaze kumshitaki. Ujue tu kwamba masikio yako mazima.
Na akikusifu, sema ahsante,
usiende nayo nyumbani."

Basi nina daftari, lenye twiga juu.
*Jumatatu, saa tatu na robo, mbele ya Kombo: "Sikusema hivyo."*
Alisema. Alhamisi, ukurasa wa tisa.
Ripoti siku hizi nawatumia wote kwa pamoja,
na Kombo, anayeogopa hata kivuli chake,
amejifunza kujibu: "Nimepata."
Neno dogo. Limeshatuokoa mara mbili.

Sijaacha kazi. Mama ana dawa za presha,
na ajira haziokotwi kama kungu.
Wala yeye hajabadilika: juzi katundika picha yake ya nne,
akatuuliza ipi nzuri zaidi.
Nikasema zote zinafanana. Akafurahi.

Leo alfajiri nimekwenda kisima cha tatu.
Nimejaza chupa, nimefuta shingo, nimebandika karatasi.
Mahali. Tarehe. Saa.
Mchukuaji sampuli: hapo huwa tunaacha wazi, ajaze Mkuu.
Nimeandika MGENI FAKI, kwa wino usiofutika,
herufi kubwa kidogo kuliko nafasi yenyewe.

"Zuwena!" ataita saa mbili.
Nitaitika, au sitaitika.
Itategemea kama nimeshakunywa chai.