Mshika Kiti

Kazi yangu ni ya sekunde thelathini:
kumshika mtu kitini asianguke,
kisha kumwachia.
Si kumsukuma. Sheria iko wazi, usisukume,
wala usivute nyuma.
Uwe kama kivuli cha saa sita mchana: upo, haupo.

Husemwa wakati ni ukuta,
ukipigana nao utaumia mwenyewe.
Basi leo, Jumamosi ya baridi ya Juni,
wanawake ishirini na sita kutoka kila pembe ya nchi
wamekuja Southern Bypass kupigana nao,
mmoja mmoja, wakipishana dakika,
bila mgongo wa mwenzao wa kujikinga upepo.

Manyunyu.
Ukungu umelala juu ya msitu wa Ngong
kama shuka iliyokataa kukunjwa.
Nyani watatu wamekaa kwenye chuma cha ukingo
wakitukagua kama waamuzi.
Polisi wamefunga upande mmoja wa barabara;
upande wa pili malori ya mchanga yanapita,
na utingo mmoja anapaza sauti,
"Mama, mtoto umemwachia nani?"
Mama hajibu. Amebakiza sekunde ishirini.

Siku nyingine mimi ni fundi wa baiskeli Kawangware.
Mikono yangu hujua chuma kabla ya macho,
na kiti cha baiskeli hakina siri.
Namba nne alikuwa akisali, nilimsikia kwa kiganja.
Namba tisa, askari jela wa Lang'ata,
alitulia kama gunia la saruji.
Chepng'eno, miaka kumi na tisa,
alitetemeka mpaka mnyororo ukaimba.

Halafu akaja Mumbua.
Mumbua Ndeto, wa kusambaza mikate Dagoretti
tangu saa kumi alfajiri,
kreti mbili nyuma, moja mbele.
Gurudumu la kuazima. Kofia ya kuazima,
ndani imetiwa kipande cha godoro ipate kumkaa.
Viatu ni vyake. Nilivishona mimi.
"Usiniachie mapema," akasema bila kugeuka.
"Wala usichelewe."

Tano.
Nne. Unyevu kiganjani, jasho au mvua?
Tatu. Mbili.
Moja,
akaenda.

Mshika kiti haoni mbio.
Huona migongo ikipungua,
kisha hubaki na jukwaa la mbao na redio ya mwamuzi
inayokohoa namba.
Kwenda, kuelekea Mombasa Road, ni mteremko mtamu;
kurudi ndiko deni hulipwa.
Walirudi na mate mashavuni, macho mekundu,
mmoja akatapika kando ya koni, akacheka.

Chepng'eno: dakika arobaini na tatu, sekunde hamsini na moja, na mbili za kumi.
Mumbua: dakika arobaini na tatu, sekunde hamsini na moja,
na sita za kumi.

Nne za kumi.
Hata kope haimalizi safari yake.

Nina kidole cha kati, mkono wa kulia,
jiriwa ilikibana mwaka ule wa ukame.
Hukunjuka baada ya wenzake.
Kidogo tu. Sijawahi kumwambia mtu;
nani huuliza kidole cha fundi?
Nilikitazama pale nyuma ya hema
wakati wakiimba wimbo wa taifa,
nikakifungua, nikakifunga, nikakifungua.

Jumatatu alileta baiskeli ya mikate.
"Breki inalia," akasema.
Nikaikaza. Nikakataa pesa.
Akaushika mkono wangu, akaweka shilingi hamsini kiganjani,
akavifunga vidole juu yake kimoja kimoja,
na kwenye kile cha kati
akakawia.

Hakusema kitu.
Akapanda, akajisukuma mwenyewe kwa mguu mmoja.
Mikate ilikuwa bado moto.