Nakala Safi

Walinichagua kwa sababu ya mwandiko.
Herufi zangu husimama wima kama watoto wa masista
asubuhi ya kupandisha bendera.
Za Nankafu, muuguzi wa usiku ule, zilikimbia,
zikapanda juu ya mistari,
zikamwaga wino pale alipoitwa katikati ya neno.

Ukurasa wa arobaini na moja, alisema mkurugenzi,
uandike upya. Nukuu yanayosomeka tu.

Yaliyosomeka ni haya:
Sifa M'Cubaka, wa Cimpunda, muuza sambaza.
Mimba ya nne. Watoto hai: sifuri.
Pacha.
Saa mbili usiku, presha kumi na saba kwa kumi na moja.
Kichwa kinamuuma. Daktari ameitwa.
Saa tatu na nusu, kumi na nane kwa kumi na mbili.
Anaona vimulimuli ukutani. Daktari ameitwa.
Saa tano. Ameshikwa na degedege. Daktari ameitwa.
Saa sita kasoro robo, dai

Hapo wino ulimwagika. Neno lilikatika,
likabaki dai.
Chini yake, kwa mkono wa mtu mwingine:
watatu.

Mimi nilimjua kwa miguu.
Alikuja dirishani kwangu na kandambili za mumewe,
nazo zimembana.
Mwezi uliopita alikuwa ameambiwa, hapa hapa,
uvimbe ni wa mapacha, mama, punguza chumvi.
Nikamuuliza dhamana. Akafungua fundo la kitenge,
noti zikanuka samaki, hazikutosha.
Nikasema: kaa pale kwenye benchi.
Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua inaanza.
Hilo halikuandikwa popote,
hata na Nankafu.

Na dawa ilikuwepo. Kadutu nzima wanasema haikuwepo,
eti hospitali ni maskini, eti ni vita, eti ni Mungu.
Ilikuwepo: vichupa sita, kabati la kijani, rafu ya pili.
Ufunguo ulikuwa ndani ya koti,
koti lilikuwa ndani ya gari,
gari lilikuwa Nguba, mbele ya kliniki ya daktari mwenyewe,
ambako mke wa mwenye nacho
alikuwa anajifungua bila shida yoyote.

Nilichukua kalamu nyeusi.
Saa tano usiku: amefika akiwa na hali mbaya sana.
Saa tano na robo: amehudumiwa.
Sikufuta hata herufi moja.
Ukurasa wa zamani ukachanwa, ukaenda jikoni kwa wapishi;
wangu ukabandikwa kwa gundi, ukapigwa muhuri.
Mkurugenzi akautazama kwa mbali, kama picha.
Mwandiko huu, alisema, ni baraka.

Jana alikuja Bahizire, mume,
fundi cherehani wa Nyamugo.
Hakupiga kelele. Aliomba kuona tu
mahali jina la mkewe lilipo.
Nikamfungulia. Alisoma polepole, akiwa amesimama,
futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.
Amefika saa tano? akauliza.
Mimi nikatazama bomba la maji uani.

Halafu akafunua ukurasa unaofuata,
wenye wanawake wengine, salama, wavulana, wasichana,
akapitisha kidole juu yao.
Ni kidole kilichozoea kutafuta
matundu ya uzi uliofumuliwa.
Kikapita. Kikarudi. Kikasimama.

Nankafu huikandamiza kalamu.
Nilikuwa nimesahau hilo.
Kila mara alipoandika *ameitwa*
alikuwa anachimba hadi karatasi ya chini.

Hapa pana kitu, alisema Bahizire.
Hapa pamewahi kuandikwa. Nisomee.

Ungeweza kusikia mashine ya kuchemshia vyombo,
na mtoto wa mtu akilia wodini, kilio kizuri, cha afya.
Nilikuwa na watoto wanne wa kulipia shule,
na kalamu nyeusi mkononi.

Nikaigeuza daftari taratibu kuelekea dirishani,
mpaka mwanga ukaingia kwa ubavu.