Cheti cha Asili

Kwa chupa mia na mbili, za achari ya maembe,
Nimeulizwa asili, cheti kwanza nikiombe,
Mzigo wende Kigali, forodhani wasigombe;
Afisa ana makali, kalamu yake ni wembe.

"Embe latoka shambani, kwa Mbeyu rafiki yangu,
Na chumvi, yake Gongoni, nyeupe kama ukungu."
Tiki mbili pembezoni, ukatua moyo wangu.
"Na sukari ya chunguni?" Nikameza mate yangu.

Sukari, Jinja hujaa; chupa nanunua Tanga;
Vifuniko vya kung'aa, vya China, ndivyo hufunga;
Bara Hindi ilizaa, pilipili hii unga.
Kikokotoo katwaa, asilimia kupanga.

Bibi aliyenifunza, achari, ni wa Barawa,
Babu, ngozi aliuza, Shihiri alizaliwa;
Nami nikijichunguza, kwa hesabu hiyo sawa,
Cheti ningekipoteza, hapa ningekataliwa.

"Imepita," akasema, "kwa uzito wa maembe;
Sukari uipe kima, isije kuzidi chembe."
Nilikuwa ninahema, nimelowa kama ng'ombe,
Fatiha nikaisoma, kimya, heri niiombe.

Mhuri ukaanguka, kishindo, meza kulia;
Mzigo ukaondoka, Kigali wakasifia;
Pesa simuni zafika, Sidi kazi kaingia,
Jiko la pili kuwaka, na la tatu kuwazia.

Jumuiya ni mlango, una pande mbili, wazi.
Shekuwe ana kijengo, cha sabuni ya minazi;
Za jirani, zenye bango, nusu bei: wachuuzi
Wakampa tu mgongo, mtambo hauna kazi.

Husema, "Soko ni lako, mimi mbavu lanivunja."
Nazungusha tu kwa mwiko, jibu silipati moja.
Mapipa yangu ya jiko, ni yake, bei ya haja,
Na bado yana mnuko, wa nazi, embe likija.

Juzi mwanangu Twalibu, katoka mbio dukani,
Shilingi kumi hesabu, kipakiti mkononi:
Achari! Bila aibu, aila kwetu jikoni.
Kidole, kwa taratibu, nikachovya, na kinywani.

Ni ngowe, nikatambua, laini, nyuzi hakuna,
Zile Mbeyu huchagua, lori likija mchana;
Mbichi lilizichukua, zimerudi, jipya jina.
Kwa nyuma nikifunua, pana mhuri, naona.

Asili, yasema, kule; wala Malindi haimo.
Na Mbeyu, kwa lori lile, ana bati, ana domo.
Twalibu kanyosha mbele, mkono, kumi hazimo;
Nikampa chupa ile, yangu, alambe mdomo.

Kalamba, kanitazama, kwa jicho la serikali:
"Ladha moja, kweli, mama; mbona yako ndiyo ghali?"