Taarifa ya Matumizi

Tulipokea laki moja na themanini,
sisi wazazi kumi na mmoja wa Isevya,
ziwe za michezo ya watoto wadogo.
Mama Kalunde alicheka hadi kanga ikamlegea:
"Pesa ya kucheza! Na ya kulia italetwa lini?"

Mchanga, mikokoteni miwili. Kamba ya katani.
Mninga ulitushinda bei, tukachukua mabanzi.
Tairi alitoa bure fundi Lusangija,
akasema yeye na watoto wapi na wapi,
kisha akabaki mpaka magharibi
akiunguruma kwa mdomo
kama lori linalopanda Sekenke.

Risiti ya mchanga haipo.
Muuzaji hajui kuandika, alichora mkokoteni.
Mchoro nimeuambatanisha.

Swali la saba: "Mtu mzima amejifunza nini?"
Nililala nalo siku tatu.
Mwanangu Shija ana miaka minne.
Nilijua namba ya kiatu chake,
bei ya dawa yake ya minyoo.
Sikujua kwamba ni dereva wa treni,
kwamba kila jioni, juu ya mabanzi yale,
anaondoka Tabora, anapiga honi Usoke,
anashusha watu Kaliua,
na behewa la nyuma lina kiti
ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

Jumanne nilikikalia.
Magoti yaliniuma hadi Kigoma.

Salio lilikuwa shilingi mia nne.
Halipo tena: kondakta, Kalunde mwenyewe,
alikataa katakata kunibeba bure.
Tiketi ni jani la mpera.
Nalo nimeliambatanisha.