Kuanika

Miaka kumi na tisa nilifua jezi za klabu, hapa Hartlepool.
Namjua aliyejikojolea kabla ya penalti,
namjua aliyecheza na ubavu uliovunjika akaapa mzima.
"Dobi hana macho," alinambia meneja siku ya kwanza.
Nikacheka. Hata kwetu Mtwapa tulisema hivyo.

Leonard Garbutt, kipa. Jezi yake ya kijani
niliifua kwa mkono, mashine iliivuta mabega.

Kafa Februari. Maua yamefungwa uzioni
kutoka lango kuu hadi kituo cha basi,
na skafu, na glovu za watoto zilizolowa mvua.
Mwezi wa tano jukwaa la mashariki litaitwa jina lake.

Juzi kaja kijana, Callum Prudhoe, anaandika kitabu.
Kaleta keki ya limau na kinasa sauti.
"Nasikia mengi. Wewe ulimfulia.
Ukweli haufi na mtu."
Kuta zetu nyembamba; jirani yangu Trevor kasikia,
kabisha hodi kabla keki haijakatwa:
"Maiti hana mdomo wa kujitetea. Mwacheni alale."
Wakabishana sebuleni kwangu, wote wawili wana hoja,
na hakuna aliyejua kuhusu blauzi.

Ilikuja Jumatatu moja ya Novemba
ndani ya mfuko wa Garbutt, katikati ya soksi:
blauzi ya maua ya samawati,
kola imeganda damu,
kifungo cha pili kimeng'oka na kitambaa chake.
Damu haitaki maji moto, huiva ikashika.
Maji baridi, chumvi, kidole gumba, subira.
Ikatoka yote.
Nikashona kifungo. Nikapiga pasi, nikakunja,
nikairudisha katikati ya soksi.
Nilijiona mwema.

Na ni huyuhuyu aliyenilipia gesi
kipupwe cha themanini na sita, asimwambie mtu.
Huyuhuyu alimbeba mwanangu Athumani mabegani,
uwanja mtupu, mpaka mtoto akagusa mwamba wa goli.
Athumani ana mvi sasa, bado huonyesha kile kiganja.
Nikate wapi, basi? Mkasi nishike upande gani?

Leo asubuhi sikwenda kwa Callum.
Nimekwenda kwa Noreen, mjane.
Vidole vyake vimepinda kwa yabisi, birika analishika kwa mikono miwili.
Nikaitaja blauzi.
Hakushtuka.
"Niliitia mwenyewe," kasema. "Sikukosea mfuko."
Akamimina chai mpaka ikajaa kisahani.
"Nikangoja. Nikasema, anayefua ni mwanamke, ataona.
Ikarudi na kifungo kipya.
Mshono mzuri sana."

Nilitafuta Kiingereza, sikukiona.
Nilitafuta Kiswahili, nacho kimetoka nje.

Baadaye, kwa sauti ndogo, nikauliza: nimwambie yule kijana?
"Wewe zamu yako ilipita.
Hii ni yangu, na sijaamua.
Nilimpenda pia. Hilo ataliandika ukurasa gani?"

Kafungua droo. Blauzi bado ina mikunjo yangu.
Safi. Ushahidi wote nilikwisha umwaga
na maji ya chumvi, kwenye karo la klabu.

Kamba yake iko mbele ya nyumba,
barabara wanayopita watu wakienda uwanjani.
Akatoka na blauzi mkononi, kibanio kimoja mdomoni,
upepo wa baharini ukimpiga nywele usoni.
Akainua mkono. Haukufika.
Hakuniomba kitu.
Nikaishika kamba, nikaivuta chini hadi kifuani pake,
nikabaki nimeishika.